Glasi ya Gela

Guliko ana sifa ya kuwakimbiza wageni. Anayetaka kuutazama mji wa mapango wa Uplistsikhe kwa raha zake asiende naye, aende na wale waongozaji vijana wanaopiga soga hadi jua linawachoma watu utosi. Guliko huwapandisha wageni mwamba mzima, akawaonyesha ukumbi wenye dari la kuchongwa, kanisa la juu na mabirika ya mawe ambamo watu wa kale walikanyaga zabibu, kisha akawatelemsha upesi kwenye basi. Anajua kwamba kule bonde la Ateni shemeji yake Jemal ameshaweka mishikaki juu ya makaa ya matawi ya mizabibu, na mgeni akichelewa nyama ikakauka, Jemal hununa mpaka jioni.

Kwa hiyo wenzake walishangaa siku ile kumwona anasimama kwenye kila shimo.

"Hili nalo ni shimo," aliwaambia Wajerumani wake, wazee wastaafu waliovaa kofia za jua. "Waliweka nafaka. Au dawa. Wengine wanasema walifungia watu humu."

"Hilo ulishatuonyesha," alisema Bi Hannelore, mwanamke mrefu mwenye kamera shingoni ambaye tangu asubuhi hakuacha kuuliza.

"Lile lilikuwa lingine," alisema Guliko, ingawa kwa kweli lilikuwa lilelile.

Aliyemvuruga ni Otar, dereva wa basi. Otar ni mjane, mtu mpana asiye na maneno mengi, na kwa kawaida hukaa chini kwenye maegesho akitafuna mbegu za alizeti mpaka wageni warudi. Asubuhi hiyo alikuja amevaa shati lililopigwa pasi na kidevu chenye jeraha la wembe. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaupanda mwamba akihema, akamvuta Guliko kando nyuma ya mabirika ya zabibu.

"Leo nasema na Jemal," alisema. "Mezani, mbele ya watu, kama inavyotakiwa."

"Otar, jamani, si leo. Nina wageni."

"Wewe kila siku una wageni. Nikingoja siku usiyo na wageni nitazikwa na shati hili."

"Atakutoa nje kama mbwa."

"Ana goti bovu. Hanikamati."

"Usifanye mzaha! Wewe ukitolewa utapanda basi lako uende zako. Mimi nitabaki mle nyumbani mwake, nikae naye meza moja usiku huohuo. Hilo umelifikiria?"

Otar alimtazama, akautazama mto Mtkvari chini kule, akafuta jasho kwa kiganja. "Nimelifikiria msimu mzima wa baridi," alisema. "Nimechoka kulifikiria." Akashuka zake kwenye basi, na Guliko akawarudia wageni wake.

Sasa ieleweke jambo lenyewe. Guliko aliolewa Ateni akiwa msichana, na mumewe Gela, mdogo wake Jemal, alikwenda vita vya Sukhumi hata mtungi wa divai yao ya kwanza haujafunguliwa. Hakurudi. Halikuja jeneza, haikuja habari, hakuna aliyesema nilimwona akianguka. Mama yao alianza kuweka glasi iliyojaa mahali pake mezani, na kila jioni akaimwaga kwenye shina la mzabibu ulio mlangoni, kesho akajaza nyingine. Alipokuwa anakata roho alimwapisha Jemal kwamba jina la Gela lisitajwe kamwe pamoja na majina ya marehemu. Jemal akaapa. Na Jemal akiapa, mkokoteni wa ng'ombe haumng'oi. Yeye mwenyewe akaongeza lake: kila vuli huyatoa mabuti ya Gela stoo, huyapaka mafuta ngozi isikauke, kisha huyarudisha.

Ndivyo Guliko alivyoishi chumba cha juu cha nyumba ile zaidi ya miaka ishirini, mke wa mtu asiyekuwepo. Hakunyanyaswa, tusije tukamsingizia Jemal. Alimtunza kama dada yake wa tumbo moja, akamtetea hata pale kijiji kilipotaka kumsengenya. Miaka ya mwanzo Guliko alisubiri kwa moyo wake wote, kila mbwa akibweka anakwenda dirishani. Kisha siku moja, akiwa anafua, alijaribu kuikumbuka sauti ya Gela, ikakataa kuja. Hakumwambia mtu. Aliona aibu, kana kwamba ameipoteza yeye kwa uzembe wake.

Mahakama ingemwandikia karatasi ya ujane kwa asubuhi moja, na angeolewa na Otar siku ya pili yake. Lakini katika bonde lile, mwanamke anayetoka nyumbani huku glasi ya mumewe bado imejaa mezani hasemwi kwamba ameolewa, husemwa kwamba ametoroka. Guliko hakutaka kutoroka nyumba iliyomlea. Alitaka Jemal amtaje Gela kwa kinywa chake pale wanapotajwa marehemu, basi, awe mjane kama wajane wengine, atoke kwa mlango wa mbele. Jemal akikataa leo mbele ya watu, hatalibadili tena neno lake mpaka anaingia kaburini, na Guliko alimjua.

Na Guliko alimpendea nini Otar? Msimu mmoja alilalamika kwamba springi ya kiti cha mbele inamchoma. Kesho yake akakuta mto mdogo umeshonewa kwenye kiti, umeshonwa vibaya, nyuzi nje nje. Otar hakusema neno na yeye hakusema neno. Ameukalia mto ule tangu hapo.

Mwisho mashimo yaliisha. Hakukuwa na kitu kingine cha kuonyesha ila lile handaki refu linaloshuka hadi mtoni, na wazee wenyewe walianza kutazama saa na kushika matumbo. Walipotokea upande wa pili, basi lilikuwa linawangoja, injini inanguruma.

Njiani Guliko hakusimulia chochote. "Na kanisa lile la nani?" aliuliza Bi Hannelore. "La zamani," alijibu Guliko.

Jemal aliwapokea langoni akichechemea, mikono imepanuliwa, sharubu zimechanwa. "Mmechelewa! Mishikaki inalia machozi!" alinguruma. "Shemeji, umewafungia kwenye yale mapango au vipi?"

"Walipenda sana mashimo," alisema Guliko.

"Mashimo! Wana njaa hawa, watazame nyuso zao. Eteri! Mkate!"

Eteri, mkewe Jemal, alikuja na mikate mirefu iliyotoka tanurini, akamtupia Guliko jicho moja tu, na kwa jicho hilo akajua kuna jambo. "Una nini, dada?" alinong'ona. "Umekuwa mweupe kama jibini."

"Jua."

"Jua humfanya mtu mwekundu," alisema Eteri, akaenda zake jikoni.

Jemal aliwapitisha kwanza kwenye chumba cha divai, ambako mitungi mikubwa ya udongo imefukiwa ardhini mpaka shingoni. Akafunua mmoja, akateka kwa kibuyu chenye mpini mrefu, akawaonjesha. Kisha wakaketi chini ya dari la mizabibu, kwenye meza ndefu, na kichwani mwa meza akakaa yeye, tamada, yaani mkuu wa meza, ambaye bila neno lake hakuna anayegusa glasi. Mkono wake wa kulia kilikuwepo kiti kitupu, na mbele ya kiti kile glasi imejaa. Guliko alikaa mkono wa kushoto, kwa kuwa kazi yake pale ni kutafsiri. Otar aliketi mwisho kabisa, mahali pa madereva, na Eteri akamwekea bia isiyo na kilevi kama anavyowawekea madereva wote.

Bia ile mtu hunywa tu kukata kiu. Kwetu glasi ya bia haiinuliwi kwa ajili ya mtu unayemtakia mema. Inainuliwa kwa adui. Jemal mwenyewe, akishachangamka, huagiza bia kwa makusudi, akasimama na kuinua glasi kwa ajili ya mvua ya mawe inayovunja mizabibu yake, na meza nzima ikacheka.

Jemal aliinua glasi ya kwanza kwa ajili ya Mungu na amani, ya pili kwa ajili ya wageni. Alisema maneno matamu na marefu, na Guliko akayageuza Kijerumani, ulimi mzito. Kila akinyanyua macho alimwona Otar kule mwisho amekaa wima, hajagusa nyama, mkono umeshika glasi kana kwamba itamponyoka. Guliko akamtikisia kichwa kidogo. Otar akatazama sahani.

"Huyu dereva wako mgonjwa?" aliuliza Jemal. "Hali. Otar! Hiyo nyama ya kondoo, si ya dereva mwenzako!"

Wenye kujua lugha wakacheka. Otar akatia kipande mdomoni, akatafuna kama anatafuna kamba.

Kisha Jemal alisimama taratibu, akiegemea meza kwa ajili ya goti, na wote wakajua wamefika kwa marehemu. Alimega mkate, akatonesha divai juu yake, akataja baba yake, mama yake, majirani waliokufa mwaka ule, mmoja mmoja. Wageni nao walisimama, kofia mkononi, wakajaribu kutonesha divai kwenye mikate yao. Guliko alitafsiri kila jina. Alikuwa akiyavuta, maana baada ya hapo hufuata glasi ya walio safarini, ambapo Jemal hugeukia kile kiti kitupu na kusema, "Na Gela wetu, njia yake iwe nyeupe." Kwa misimu yote ile alikuwa akiwatafsiria wageni: ndugu yake, yuko mbali. Hakupata hata mara moja kuongeza: ni mume wangu.

Watu waliketi. Otar hakuketi.

"Tamada," alisema. "Naomba neno."

Jemal alinyanyua nyusi. Dereva hasemi mezani, lakini aliyeomba hanyimwi. "Sema, ndugu yangu. Kumbe una ulimi."

"Nina jina moja la kuongeza hapo kwa marehemu." Otar alikohoa. Jasho lilikuwa limelilowesha lile shati. "Jina ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelitaja. Nalitaja kwa heshima. Nalitaja kwa sababu kuna aliye hai anayelisubiri." Akainua glasi iliyokuwa mkononi mwake tangu mwanzo. "Gela. Mungu amlaze pema."

Akanywa.

Povu lilimbaki kwenye sharubu, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipotambua amenywa nini. Guliko aliuona uso wake unavyobadilika. Mtu mzima, amekaa miezi akiyapanga maneno, amepiga pasi shati, amekumbuka kila kitu isipokuwa kilichomo kwenye glasi!

Pale mezani ungeweza kusikia nyuki kwenye zabibu. Eteri alikuwa amesimama mlangoni na sinia, hasogei.

"Anasema nini?" aliuliza Bi Hannelore.

Jemal alisimama, na safari hii goti halikumsumbua. Benchi lilianguka nyuma yake. "Kwa bia," alisema polepole. "Umekuja nyumbani kwangu, umekula mkate wangu, umemzika ndugu yangu akiwa hai, na umemzika kwa bia."

"Jemal, haki ya Mungu sikukusudia hiyo bia, mkono wangu..."

"Toka."

"Bia nimekosea. Jina sikukosea."

"Toka kabla sijasahau kwamba wewe ni mgeni!"

"Anasema nini?" alirudia Bi Hannelore, safari hii kwa kunong'ona.

"Anasema kinywaji hakifai," alijibu Guliko.

Alimwona Jemal anazunguka meza. Alimwona Otar anaweka glasi chini, mikono imeshuka, hajitetei wala haondoki. Guliko alijua kwamba Jemal akimfikia tu basi yamekwisha, hakutakuwa na siku nyingine wala neno jingine. Aliogopa. Aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu vita. Na katika hofu hiyohiyo mkono wake ukavuka meza, ukaichukua ile glasi iliyojaa mbele ya kiti kitupu, glasi ambayo baada ya mama mkwe hakuna aliyeigusa ila Jemal.

"Weka chini, shemeji," alisema Jemal. Alisimama palepale alipofika.

Guliko alimega mkate. Akatonesha divai, nyingine ikamwagikia kitambaa cha meza.

"Mama alinambia nisubiri," alisema. "Nikasubiri. Mama mwenyewe amekufa anasubiri, nami nikaendelea. Yale mabuti unayoyapaka mafuta, Jemal, ni ya mguu wa nani? Angekuwa na miaka hamsini sasa. Wewe unamwona anayavaa?"

"Niliapa."

"Wewe uliapa, mimi sikuapa. Mimi nilikuwa mkewe." Akaivuta glasi kifuani. "Sauti yake imenitoka, Jemal. Nimeitafuta, siipati. Nitamsubirije mtu nisiyeijua sauti yake hata akiniita mlangoni?"

Jemal aliegemea meza. Lile jitu la kifua kipana lilionekana ghafla ni mzee. "Na mimi nikisema amekufa," alisema kwa sauti ndogo, "nani atabaki kumsubiri?"

"Hakuna," alisema Guliko. "Hakuna tena."

Wajerumani walikuwa wameacha kutafuna. Kisha Jemal aligeuka, akamtazama Otar kuanzia juu hadi chini, akanyoosha mkono.

"Lete funguo."

"Funguo gani?"

"Za basi, za nini tena! Wageni hawa atawapeleka jirani yangu Vano. Wewe huondoki." Akaichukua glasi ya bia, akaimwaga mbali huko kwenye nyasi, akaisuuza kwa divai, akaijaza mpaka ukingoni. "Umeanza kumtaja, utamtaja kwa divai. Shika. Na usimame wima."

Otar alitoa funguo. Akashika glasi kwa mikono miwili.

Jemal alirudi kichwani mwa meza, akalisimamisha lile benchi mwenyewe, hakutaka Eteri amsaidie. Alimega mkate. Alianza, akanyamaza. Akaanza tena, akataja jina la baba yake na la mama yake upya, kana kwamba anatafuta mahali pa kukanyagia, na baada ya jina la mama yake akalisema. "Na Gela. Mdogo wangu. Aliyekufa vitani." Divai ilitona kwenye mkate, tone baada ya tone, na machozi ya Jemal yakashuka kwenye sharubu bila yeye kuyafuta.

Otar alikunywa wima. Guliko alikunywa ile ya Gela, ikaisha. Kwa mara ya kwanza tangu Gela aende vitani aliiona glasi ile tupu mchana.

Bi Hannelore alikuwa ameshusha kamera. Hakuuliza tena, alitazama tu, kutoka kwa Jemal hadi kwa Guliko.

"Guliko," alisema Jemal. Hakusema shemeji. "Wageni wanangoja. Watafsirie."

Guliko aliwageukia. Alikuwa amedhani siku hii ikifika atajisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Badala yake alishika ukingo wa meza, na uchungu wa miaka yote ile ukamjia kana kwamba habari imeletwa sasa hivi langoni.

"Anasema," aliwaambia kwa Kijerumani chake kizuri cha kazini, "mume wangu amekufa."

Wazee wale wakasimama mmoja mmoja, wakavua tena kofia zao.